Haidra wa Stoo ya Jamu

Etelka Bársony alitangaziwa uzee wake ngazini. Miaka yote yeye na Profesa Zsombor walikuwa wakiitana kwa majina, kama wanavyofanya wenzi wa kazi kwenye maabara za chuo, mjini Szeged. Asubuhi moja profesa, bila aibu, akamtolea ile salamu ya kubusu mkono wanayopewa mabibi vizee, ambayo ndiyo shikamoo ya kwao.

"Shikamoo, shangazi."

"Tangu lini mimi ni shangazi yako?"

"Heshima tu, shangazi."

"Heshima mpelekee mama yako. Mimi niachie jokofu langu."

Ugomvi wenyewe ulikuwa huo, jokofu. Ndani yake Etelka alifuga haidra, vinyama vya maji baridi visivyozidi punje ya mchele, mwili bomba tupu, mikono myembamba kileleni. Haidra akiwa kwenye joto la wastani hazeeki. Seli zake shina, zile zinazozaa seli nyingine, hugawanyika bila kuchoka, kila siku ngozi mpya, na kuukuu inapukutika. Zipo jeni zinazozishikilia seli hizo kazini. Ila jamii aliyoifuga Etelka ilikuwa na balaa lake. Ikitiwa baridi huacha kuchipua vitoto ubavuni, ikageukia mayai na mbegu, na baada ya hapo seli shina zinakwisha. Mikono inasinyaa, mdomo unakataa chakula. Huo ndio uzee wa haidra, na nyuma yake ni kifo.

Maabara ilikuwa na sheria yake: aliyeacha kula amekufa, bakuli limwagwe. Hakuna aliyeihoji. Lakini mwaka uliotangulia bakuli moja lilisahauliwa nyuma ya mengine, na haidra wake, wa ukoo uliotoka kwenye kidimbwi kimoja cha mto Tisza, akaota mikono upya. Zsombor alisema ni kasoro ya usafi, kitoto cha bakuli jingine kimeingia humo. Etelka alisema ukoo ule umezaliwa na njia ya kurudi, imo kwenye jeni zake, na sisi kila mwaka tunaimwaga kwenye sinki kabla haijafunguka. Safari hii aliutia baridi ukoo huo pamoja na koo za vidimbwi vingine, kila haidra peke yake kwenye bakuli lake, akaapa hatamwaga hata mmoja.

"Shangazi, kilichokataa chakula kimekufa," alisema Zsombor. "Na mwisho wa mwezi unastaafu. Jokofu nalihitaji. Ijumaa tutayamwaga mabakuli yote."

Alhamisi Etelka akapanga mabakuli ndani ya kapu la sokoni, akayafunika kwa taulo, akapanda tramu. Nyumbani alikoishi na dada yake Vilma palikuwa na stoo ya ukuta wa kaskazini, isiyopata moto wa jiko, ambako achari na jamu za plamu hukaa hadi majira ya kuchipua. Baridi yake ilikuwa sawa na ya jokofu la serikali, tena bila profesa.

"Ni nini hivyo karibu na jamu yangu?" Vilma akang'aka.

"Wagonjwa."

"Wanaambukiza?"

"Wanaambukiza subira. Wewe usiogope, haijawahi kukupata."

Siku ya kumuaga walimpa keki na saa ya ukutani, zawadi ya kumkumbusha mtu kwamba muda wake umekwisha. Zsombor, akidhani mabakuli yamekwisha kumwagwa, alihutubia kwa upole kuhusu mapumziko aliyoyastahili. Etelka akasimama, akajibu kwa kifupi: "Sipumziki. Sijachoka." Watu wakacheka wakidhani anatania.

Huko stooni mambo yaliharibika. Aliangua vitoto vya uduvi ndani ya chupa ya achari yenye maji ya chumvi, akawasogezea haidra mdomoni, wakakataa. Wakabaki vidonge vya rangi ya chai, bila mikono. Wa vidimbwi vingine walianza kuyeyuka mmoja mmoja. Etelka aliogopa, na hakuuficha woga wake. Wakiyeyuka wote, Zsombor atakuwa amesema kweli, na kazi ya maisha yake itabaki ni ubishi wa kizee mmoja.

"Mdogo wangu, kubali," Vilma alimwambia. "Hakuna marefu yasiyo na ncha."

"Ncha nitaifikia mwenyewe. Sisukumwi."

Asubuhi moja ya Februari, ukungu ukiwa umeziba dirisha, aliinama na lenzi akaona vinundu kwenye kidonge kimoja. Baada ya siku chache vinundu vikawa mikono, na mkono ukakamata uduvi. Kisha akaamka wa pili, na wengine wakafuata, wote wa ukoo ule mmoja wa Tisza. Wa vidimbwi vingine hakikubaki hata kivuli chao. Etelka alilia katikati ya machupa ya achari, huku akimtukana Zsombor kwa sauti na kwa furaha.

Alimpigia simu. Zsombor akaja, Vilma akamvua viatu mlangoni, na profesa wa watu akaingia stooni kwa soksi. Alitazama kwenye lenzi hadi shingo ikamuuma.

"Si kitoto kilichochanganyika?"

"Kimechanganyika na nani? Kila mmoja amekaa peke yake tangu baridi ilipoanza."

"Ni jeni ipi, basi?"

"Sijui. Ndiyo kazi iliyobaki. Ungewamwaga, hata swali lenyewe usingelipata."

Zsombor alikohoa. "Itabidi tuwarudishe. Ni mali ya idara."

"Idara iliwaita wafu. Marehemu ana mwajiri?"

Yule wa kwanza kuamka alikuwa ameanza tena kuchipua, na ubavuni pake kulikuwa na kitoto kilichokwisha kukomaa. Etelka akakivuta taratibu kwa bomba la kioo, kikaachia, akakitia kwenye kichupa cha maji.

"Chukua hiki. Jeni zake ni zilezile za mama yake. Ila kwanza ile sheria ya kumwaga uifute."

"Nitaifuta, naahidi," alisema Zsombor, macho yakiwa bado bakulini. "Na mama mtu?"

"Mama haendi popote. Mlishamzika mara moja akiwa hai. Inatosha."