Wimbo wa Sita

Mama Mkasi hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alikianza jikoni, akakihamishia chumba cha kazi, akakisahau juu ya deki ya kanda. Mumewe, fundi viatu mtulivu ambaye angeweza kushinda asubuhi nzima na soli moja, ndiye aliyepita baadaye kukikusanya pamoja na vingine viwili.

Kwa miaka thelathini mwanamke huyu alirekodi na kukatakata picha: mahafali, harusi, matangazo ya sabuni. Jina la Mkasi alilipata huko. Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa video za kundi moja la roki, wanaume wanne wenye nywele ndefu na magitaa yaliyowakosesha majirani usingizi. Nyimbo kumi na mbili, na zote alizipiga picha na kuzikata yeye.

Siku moja mwimbaji wa kundi alibisha hodi. Zile nywele zilikuwa zimebaki pembeni tu, juu ya masikio.

"Dada, tunataka kuzikusanya zote kwenye DVD moja," alisema. "Tulipomzika Radi ndipo nilipoona tunachelewa."

Radi alikuwa mpiga dramu wao. Katika nyimbo zote hizo aliimba mmoja tu, ule wa sita.

"Mke wake haulizii nyingine," mwimbaji aliongeza. "Anausubiri huo huo. Unao, sivyo?"

"Ninao," Mama Mkasi alijibu, haraka, ingawa hakuwa na hakika.

Kufikia siku ya pili alikuwa ameshapata kanda kumi na moja. Ganda la wimbo wa sita lilikuwepo rafuni, na mwandiko wake mwenyewe mgongoni, lakini ndani lilikuwa tupu. Akapekua stoo, akapekua uvungu wa kitanda, akapanda juu ya kabati huku mumewe amemshikia kiti. Akaenda kituo cha televisheni kilichowahi kuurusha wimbo, akaambiwa kanda za miaka ile ziliharibiwa na maji bomba lilipopasuka. Mpiga besi alimpa nakala yake kwa moyo mkunjufu. Ilikuwa imeota ukungu mweupe kama mkate wa wiki mbili.

Roho ikawa juu. Alianza sentensi akaziacha njiani. Aliweka chumvi kwenye chungu mara mbili.

"Kaa ule, mke wangu," mumewe alimsihi. "Kanda haina miguu."

"Ndicho kinachoniudhi. Ingekuwa na miguu ingekuwa imesharudi."

Mjane wa Radi alikuwa akipiga simu kila baada ya siku mbili. "Mama, umefika wa ngapi?"

"Naendelea vizuri," Mama Mkasi alisema, kisha akakaa na simu mkononi, uso umemwiva kwa aibu.

Alhamisi mdogo wake wa kike alikuja kumjulia hali. Alimkuta amemwaga kanda sakafuni, hakuna pa kukanyaga. Alipoelezwa kinachotafutwa, akacheka.

"Mpiga dramu anayeimba? Si kama yule wa kwenye kanda ya harusi yangu! Harusi ikiisha anatokea mwanamume ana jasho, anapiga kelele. Watoto wangu walikuwa wanamkimbia."

Mama Mkasi alikaa pale pale, juu ya kanda. Yote yalimrudia. Siku ya harusi ya mdogo wake kanda mpya zilimwishia katikati ya shughuli. Alikimbia nyumbani, akanyakua ya kwanza iliyompitia mkononi, akarekodi juu yake. Ilikuwa na picha za mazoezi ya kundi, na mwishoni kabisa, wimbo wenyewe.

"Twende kwako," alisema.

"Sasa hivi? Sijanywa hata maji."

"Utakunywa kwako."

Alitembea kama mtu anayefukuzwa, mdogo wake nyuma akilalamika, "Dada, ningoje, mwenzio nina goti!"

Kanda ilikuwa kabatini, imefungwa ndani ya kitambaa cha meza. Waliitazama wamesimama. Wageni walipiga makofi, bwana harusi alijikwaa, shangazi mmoja akaziba kamera kwa kofia yake. Kisha michirizi, kisha Radi. Alikuwa amekaa nyuma ya dramu katika karakana yenye paa bovu, jua likimwangukia kichwani, mdomo wazi katikati ya neno. Aliimba sekunde ishirini na tatu. Wimbo ukaisha.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemfuta?" mdogo wake aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi. Wewe ulikuwa unaolewa."

Kesho yake alipiga moyo konde, akaenda kwa mjane, ambaye alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alimkuta kwenye cherehani, mlima wa sketi za bluu pembeni. Hakukubali kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kompyuta aliyokihamishia kipande kile ameikumbatia kifuani.

Mjane hakuacha kukanyaga cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi.

"Mume wangu anaimba, wewe ukarekodi harusi juu yake."

"Ya mdogo wangu."

"Wanaishi vizuri?"

"Wanaishi."

"Afadhali." Akasukuma sketi upande. "Nionyeshe."

Alitazama bila kupepesa. "Rudia," alisema. Mama Mkasi akarudia. Mara ya sita mjane alisogeza uso karibu kabisa na kioo.

"Shati hilo nililishona mimi. Nililisahau kabisa. Tazama bega la kushoto lilivyovutika, nilikuwa bado najifunza." Akainua uso. "Nimekukasirikia. Usidhani sijakasirika."

"Najua."

"Basi nenda. Hiyo kompyuta niachie mpaka Jumatatu."

Mwimbaji aliposikia, alitaka kipande kile kitolewe. "Nyimbo kumi na moja safi, halafu hicho? Watu watasema tumeboronga."

"Kiondoe, halafu utafute Mkasi mwingine," Mama Mkasi alimjibu. Hakuwahi kumwambia hivyo katika miaka yote ile. Mwimbaji alimtazama, akakuna upara, akakubali. Kipande kiliwekwa mahali pake, baada ya wimbo wa tano, kikianzia katikati ya neno.

DVD ilitoka mwezi uliofuata, na picha za wanaume wanne jaladani. Baadhi ya watu walirudisha nakala zao. Mmoja, dereva wa lori aliyewapenda tangu ujana wake, alifika na yake mlangoni kwa Mama Mkasi, na risiti kabisa.

"Mama, hii mbovu. Wa sita umekatika."

"Haujakatika," Mama Mkasi alimwambia. "Ndiyo yote iliyobaki."

Dereva aliigeuza DVD upande huu na upande ule. "Mengine yako wapi?"

"Niliyafuta mimi."

Mtu yule alimkodolea macho. Kisha akairudisha DVD mfukoni, akaingiza na risiti, akauliza kama kuna mahali angeweza kuitazama tena sasa hivi, hicho kipande tu. Mama Mkasi alisogeza kanda, akamvutia kiti.