Walimpiga Mdogo Wangu Msibani Kwa Sababu Mdomo Wake Hautulii

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu usiipunguze. Nina miaka 34, nimeachika, naishi Kasokola na mama na mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu ni mgonjwa wa akili, na sindano ya kila mwezi ndiyo iliyomrudisha kuwa mtu. Kabla ya hapo alimvunja mama mkono kwa mchi, akidhani kaja kumuua.

Sasa miaka imepita na mdomo umeanza kutafuna wenyewe, hana kitu ndani. Ulimi unatoka na kurudi, taya halitulii hata akilishika. Daktari alisema hali hiyo imesababishwa na hizo dawa za muda mrefu. "Msimwachishe ghafla," akatuambia, "mleteni tuangalie nyingine."

Kabla hatujampeleka, akafariki mtoto wa baba mdogo. Kwenye ukoo wetu, maiti ikiwa ndani hakuna anayetia kitu mdomoni mpaka tutoke kuzika. Mdogo wangu akapita kuaga huku anatafuna. Baba mdogo akapiga kelele, "Mnamwona mchawi? Anamla mwanangu mbele yetu!"

Walimburuta nje wakampiga kwa mipini ya majembe yaliyotoka kuchimba kaburi. Sikio lilichanika, damu ikajaa kwenye shati, na bado taya linatafuna, wao wakazidi kupiga. Mimi nikaokota jiwe nikampiga baba mdogo la mdomo. Meno mawili yakadondoka. Sijutii, na angekuwepo tena hapa ningerudia.

Vidonda vimepona, ila sindano hataki hata kuisikia. "Dada, hiyo ndiyo inanichezesha mdomo. Nyie mnataka nife." Nikimwambia kuna dawa nyingine, anasema nimehongwa. Tarehe ya sindano imeshapita. Mama anasema tumfunge kamba tumpakie kwenye bodaboda, lakini njia ya kwenda hospitali Mpanda inapita kwa baba mdogo, na wanawe wameapa wakimwona watammalizia hapohapo.

Leo asubuhi nimemsikia anagombana na mtu chumbani. Nimefungua mlango, yuko peke yake. Akanikazia macho akauliza, "Mama yuko wapi?" Nimemdanganya kaenda shamba. Nimemfungia mama chumbani kwangu, ufunguo ninao mimi, na huyu anazunguka uani anamwita.

Jamani, nimfunge kamba nimpitishe kwa wale wauaji, au nimwache hapa na mama? Nishaurini, msichelewe.