Mchele Uliosomewa Magharibi

Utotoni mwangu, pale Kilwa Kivinje, mwizi wa nyumbani hakupelekwa kwa askari kwanza. Alitafutwa kwa mchele. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliusomea mchele mbichi, kila mtu wa nyumba akapewa konzi yake, akatafuna, akameza bila tone la maji. Asiye na hatia ulimpita. Mwizi ulimkaba. Basi. Hakuna aliyehoji, kama ambavyo leo hakuna anayehoji kwa nini Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, anazungushwa na gari na mimi, mwenye cheti cha chuo cha Uganda, nazunguka kwa miguu. Cheti chenyewe kimo sandukuni, kinanuka dawa ya nondo. Na pamoja na elimu yote hiyo, nikiona mchele mbichi kwenye ungo hadi leo koo langu linajifunga.

Mama yangu ni Mmatumbi wa Njinjo, mkulima. Baba alikuwa mtu wa Kivinje, wa ile mitaa ya nyumba za mawe, na alipofariki ndugu yake alinichukua mjini nikasome shule ya serikali. Nilimwita Ami. Alikuwa mfanyabiashara wa ufuta, mtu wa swafu ya kwanza msikitini, na nakiri hakuwa mtu mbaya. Mkewe ndiye aliyesema nimeletwa "kama kupe". Walikuwa na mtoto mmoja, Nassoro, tukisoma naye darasa moja, tena yeye alinizidi mwezi. Lakini Nassoro alikuwa "mtoto". Mimi nilikuwa "yule wa Njinjo". Na yule wa Njinjo alikuwa na sharti lake: siku akileta aibu, shule imekwisha, anarudi kushika jembe.

Ramadhani hiyo Ami alinunua kanda la tende la kufuturishia watu msikitini. Akaliweka ghalani, nyuma ya magunia ya ufuta. Siku ya kulitoa likakutwa limetobolewa ubavuni, limenywea kama tumbo la mgonjwa, na kokwa zimetapakaa nyuma ya choo.

"Si nilisema?" Mama Nassoro hakusubiri hata kokwa ziokotwe. "Mtu kazoea mihogo, umwonyeshe tende, si atarukwa na akili?"

Ami akaniita uani. "Umechukua?"

"Sikuchukua, Ami."

"Sema wallahi."

"Wallahi sikuchukua."

"Haya. Leo magharibi utaapa kwa mchele. Ukikukaba, kesho unapanda lori la Njinjo. Na vitabu unaviacha, ni vya serikali."

Bibi, mama yake Ami, alikuwa kwenye mkeka wake akisuka ukili. Alikuwa mzee sana, saumu ilikwisha kumtoka kwa udhuru wa uzee, na mchana alikunywa uji wake bila kujificha. Alisema bila kuinua macho, "Mwanangu, acha tende ziende. Mchele huo ukiuita humu ndani utamshika wa humu ndani."

"Mama, ni mali ya msikiti."

"Haya. Mie nshasema."

Mwalimu ndiye aliyechagua saa. Alisema dua ya aliyefunga, wakati anapofungua, hairudishwi. Ni kweli, nimeisoma mwenyewe baadaye. Kwa hiyo ikapangwa: adhana ikiita tu, kabla ya tende, kabla ya maji, kwanza mchele. Nyumba nzima ya watu wazima wenye akili zao, wafanyabiashara wa kupima ufuta kwa ratili, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kidogo mbele.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mimi nilifunga kwelikweli. Nilikuwa nafunga kwa kiburi, maana nilitaka watu wa mjini wakome kuniambia kuwa kwetu bara tunaswali Ijumaa kwa Ijumaa. Sikusukutua hata mdomo. Darasani mwalimu aliandika hesabu ubaoni na mimi nikawa naziangalia kama mtu anayeaga. Jioni Nassoro alirudi kutoka kisimani, nywele zimelowa, anapiga mluzi. Nilimwonea wivu. Nilidhani ule ndio moyo wa mtu asiye na hatia.

Adhana ikaita.

Tulikaa duara ukumbini. Mwalimu akapitisha sahani ya kaure. Ami alianza, ili iwe mfano. Akatafuna, akatafuna, shingo ikavimba mishipa, akapaliwa, akakohoa hadi unga mweupe ukamrukia kanzuni.

"Kifua hicho," Mwalimu akasema upesi. "Kifua, bwana. Allah akuafu."

Mama Nassoro alifunika uso kwa kanga, akatafuna humo humo ndani, na alipofunuka alisema amemeza. Mwalimu akasema alhamdulillahi. Nassoro akatia konzi yake kinywani, akatafuna kidogo, akameza. Hivyo tu. Hata akalamba midomo.

Kisha mimi.

Jamani, ule mchele. Uligeuka mchanga. Nilitafuta mate, hayakuwapo. Kila nilipojaribu kumeza, ulirudi na kukaa juu ya ulimi, na sauti pekee ukumbini ilikuwa ya meno yangu. Nikaliona lori. Nikamwona mama amesimama shambani, mkono kiunoni, ananitazama nikishuka. Na hapo likanijia jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko tuhuma yenyewe: nilianza kuamini. Nilijiuliza, labda niliiba usingizini. Labda mchele unajua kitu nisichokijua. Nikapaliwa, nikautema wote kwenye viganja.

"Subhanallah," akasema Mwalimu, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nilisema mimi!" Mama Nassoro.

 Ami alijipangusa unga kanzuni.

"Nipeni na mie," Bibi akasema kutoka mkekani.

"Wewe Mama, wa nini?"

"Siishi humu? Lete."

Akapewa. Hana meno ya maana, alitafuna kwa ufizi, akachukua muda wake, akameza. Akafungua mdomo kumwonyesha Mwalimu, mweupe kabisa, hamna punje.

"Mie sifungi," akasema. "Nimekunywa uji alasiri, mate ninayo. Mjukuu wangu huyu kafunga, mdomo umekauka. Na wewe mwanangu umefunga, umekauka vilevile. Sasa, Mwalimu, kama ukavu ndio wizi, basi nimezaa mwizi."

Mwalimu akatazama sahani.

"Wee Nassoro." Sauti ya Bibi ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyotisha. "Umemeza kama bata. Tangu daku hadi sasa, mate umeyatoa wapi, mjukuu wangu?"

Nassoro akamtazama mama yake. Mama yake akasema maneno ambayo nimeyakariri kuliko tahiyatu: "Lakini huyu bado mtoto. Saumu haijamlazimu."

Amenizidi mwezi! Mimi mwizi wa kupakiwa lori, yeye mtoto!

"Futuruni," Ami akasema, akainuka kwenda kuswali. Hiyo ndiyo hukumu. Sikurudishwa Njinjo. Hakuna aliyeniomba radhi, Nassoro hakuguswa hata kofi, na Mwalimu alifungashiwa tende zilizobaki. Bibi alinimiminia maji, akanishikia kikombe, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa mchele.

Miaka mingi nilijisifu kwamba jioni ile ndiyo iliyonitoa kwenye ushirikina. Nilisimulia chuoni, wenzangu wakacheka, very primitive, tukajiona tumeendelea. Sasa sina hakika. Mchele haukudanganya. Ulionyesha waziwazi nani ameshinda na njaa na nani amekula, na Bibi alivyosema, ulimshika wa humu ndani. Walioshindwa ni wasomaji. Wao walikuja na jibu lao mfukoni: huyu kikohozi chake ni kifua, huyu kikohozi chake ni wizi.

Juzi niliitwa boma la serikali Lindi kwa mahojiano ya kazi. Aliyenifungulia mlango ni Nassoro. Ni karani pale, amenona, mashallah. Ndani, wazungu wawili na liwali mmoja, na jagi la maji upande wao wa meza. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Kazi ya ukarani, wakasema, you are too educated. Ya uofisa, you are not quite ready. Kisha mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini kijana msomi kama mimi anaonekana ana hasira.

Nikafungua kinywa nijibu, na ulimi ukagoma. Mkavu. Mchanga mtupu. Kwa upumbavu nikageuka nyuma, kana kwamba kwenye benchi la ukutani angekuwa amekaa kizee na ukili wake, wa kuwauliza swali moja tu.

Benchi lilikuwa tupu. Basi nikaomba maji.

Wakatazamana, kama watu waliomshika mwizi.