Mstari Nilioukata kwa Wino Mwekundu

Siku niliyoripoti kwenye kitengo cha rejesta nilivaa sare yangu ya ukunga, nimeipiga pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake, na hakuna aliyeniuliza habari za ukunga. Nilikuwa nimezalisha wanawake wa Morogoro kwa zaidi ya miaka ishirini, wadi nzima ikiniita Sista Halima, halafu nikapelekwa kwenye chumba chenye meza moja na kabati la mafaili. Mratibu wa Mkoa, daktari mrefu aliyetoka upande wa Bukoba, alinikabidhi daftari kubwa lenye jalada gumu na kalamu mbili.

"Sista, ya bluu ni ya kuandika," alisema. "Nyekundu ni ya kukata. Hiyo nyekundu uiogope."

Nikaitikia "Ndiyo, daktari" kwa adabu zote, na moyoni nikasema huyu hanijui. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi sikujiona mgeni. Ni Mluguru, nimezaliwa milimani, nimeolewa Bigwa, na njia nyingi za Uluguru nimezipanda nikiwa na vifaa vya kuzalishia begani.

Mpango wenyewe ulikuwa wa nchi nzima. Mtoto akizaliwa na dalili za hitilafu ya kromosomu, mkunga alijaza fomu, fomu ikaletwa mezani kwangu, nami nikamwandikia mtoto mstari wake kwenye daftari. Kromosomu, kwa ninyi vijana mliosoma mkasahau, ni nyuzi ndogo mno ndani ya seli zinazobeba urithi wetu. Kwa kawaida mtu anazo jozi ishirini na tatu, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Hali tuliyoiandika zaidi ni ile ambayo kromosomu ya ishirini na moja huwa tatu badala ya mbili, madaktari wakaiita sindromu ya Down. Mkunga mzoefu huihisi mikononi kabla hajaiona: mwili mlegevu, macho yaliyopanda kidogo pembeni, ngozi nyingi nyuma ya shingo, na mara nyingi mstari mmoja tu unaokata kiganja.

Kwa wakubwa wa Dar es Salaam daftari lilikuwa la kuchunguza kama kuna mahali hali hizi zinatokea zaidi ya kawaida. Kwa mtoto lilikuwa na maana nyingine kabisa. Wengi wa watoto hawa huzaliwa na tundu moyoni, kwa hiyo kila aliyeandikwa aliitwa kupimwa moyo kabla hajafikisha miezi mitatu. Asiye na mstari hakuitwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, na linanichekesha mpaka leo. Damu ya kupima kromosomu lazima ifike maabara seli zikiwa hai, kwa sababu huoteshwa kwanza, kama mtu anavyootesha miche. Mimi niliyezoea kubeba chanjo nikavizika vichupa ndani ya barafu, nikavifunga kwa ustadi, nikavituma. Mkuu wa Maabara, mama mmoja wa Dar mwenye sauti nzito, akanipigia simu.

"Sista, ulituma damu au samaki?"

"Damu, mama."

"Basi imefika imekufa. Ulitakiwa kuitia ubaridi tu, wewe umeigandisha."

Tangu siku hiyo nikawa Sista Samaki maabara nzima. Nilikasirika wiki moja, kisha nikazoea.

Lakini kwenye daftari nilikuwa hodari, na nasema hivyo bila haya. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, tunaouita lukolo. Mwanamke aliyeolewa mjini, mimba yake ikikaribia, hupenda kupanda kwao milimani akazalie mikononi mwa mama yake. Huko mtoto hujaziwa fomu. Akirudi mjini na kumpeleka mtoto kliniki, nesi wa mjini anaona dalili zile zile na kujaza fomu nyingine. Jina nalo halisaidii, maana mwanamke huyo huyo kwao wanamwita Chausiku na kwa mumewe ni Rehema. Tarehe hupishana siku mbili tatu, kwa kuwa aliyezalia nyumbani hakuwa na kalenda mkononi. Mtoto mmoja, mistari miwili. Mimi niliyajua hayo kwa sababu na mimi nilizaliwa hivyo hivyo, nikalipitia daftari na kalamu nyekundu, nikikata na kuandika pembeni: Mrudio. Mratibu akanisifu mbele ya kikao. "Huyu ndiye anayewajua watu wake," alisema. Sifa hizo zilinipanda kichwani.

Mwaka wangu wa tatu zikaja fomu mbili. Ya kwanza ilitoka kituo cha afya cha Matombo: mtoto Mwanaidi, mama yake Sikuzani, amezaliwa kwa Bibi Mwanaidi. Ya pili ilitoka kliniki ya mjini: mtoto Mwanaidi, mama yake Zuhura, amezaliwa Matombo kwa Bibi Mwanaidi. Tarehe zimepishana siku nne. Dalili ni zile zile.

Nilicheka peke yangu. Nikachukua nyekundu, nikaukata mstari wa fomu ya Matombo. Mtoto wa fomu ya mjini akaitwa, akapimwa, moyo wake ukakutwa mzima. Nikaandika kwa bluu, "Moyo salama", nikaenda kula chakula cha mchana.

Miezi ikapita. Tukapanda Matombo kwa huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu waliko. Barabara ilitutikisa mpaka meno, lakini kule juu kulikuwa na hewa safi, mdalasini umeanikwa kwenye mikeka na ndizi zimeegeshwa kila ukuta. Mganga Mfawidhi wa kituo alitupangia benchi nje. Wa tatu kwenye foleni alikuwa mama kijana aliyempakata mtoto wa miezi sita, mdogo kuliko umri wake.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaitwa nani?"

"Mwanaidi."

Nikafungua orodha yangu. "Mwanaidi wa kwa Bibi Mwanaidi. Huyu ameshapimwa moyo, yuko salama."

Mama akanitazama. "Huyu hajawahi kutoka hapa Matombo, sista. Aliyepimwa ni wa mdogo wangu Zuhura, yule wa mjini."

"Zuhura si ndiye wewe?"

"Mimi Sikuzani."

Nyuma yake alikaa bibi mwembamba aliyejitanda khanga, akimenya chungwa kwa kisu. Hakuinua hata macho. "Sikuzani na Zuhura nimewazaa mimi, kila mmoja kwa uchungu wake," alisema. "Wamekuja kuzalia kwangu wote wawili, wiki moja, na kila mmoja kampa mwanawe jina langu. Sikuwakataza, jina haliishi kwa kutumiwa. Sasa wewe mwanangu, wajukuu zangu wako wawili. Umewafanyaje wakawa mmoja?"

Niliona aibu, kisha hofu ikaifukuza aibu, kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya na paji lake lilikuwa limelowa jasho. Alinyonya mara tatu, akaacha aheme, akarudi. Nikamwekea kifaa cha kusikilizia kifuani. Mahali pa mapigo mawili safi palikuwa na mvumo wa upepo unaopita kwenye upenyo. Mganga Mfawidhi akasikiliza baada yangu, akanirudishia kifaa, akaenda kumwita dereva.

Tulishuka nao siku ile ile, Sikuzani na mtoto kiti cha mbele, Bibi Mwanaidi nyuma nami. Njia nzima hakunilaumu. Kila gari liliporuka alinishika mkono, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

Daktari wa moyo huko Dar alitueleza waziwazi. Tundu kubwa likiachwa, damu hukimbilia kwenye mapafu kwa nguvu, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishakakamaa hakuna tena upasuaji wa kusaidia. "Kwa huyu bado nafasi ipo," alisema, "lakini si ya kuchezea. Angekuja mapema ningelala vizuri zaidi."

Mficha uchi hazai. Nilikwenda kwa Mratibu nikamweleza yote, nikaliweka daftari mbele yake, mstari mwekundu ukimtazama.

"Ulikata kwa sababu unawajua watu wako," alisema. "Nesi mgeni asingejua, angeuliza."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Nilidhani atanirudisha wadini, na ningekubali. Badala yake akalivuta daftari karibu, akavaa miwani.

"Ngoja kidogo. Dada wawili, mama mmoja, watoto wawili wenye hali moja." Akasimama. "Sista, hiki ulichokikata ndicho tulichowekwa hapa tukione."

Mara nyingi, mnajua, kromosomu ya ziada hujitokeza yenyewe tu, bila kurithiwa. Lakini iko namna nyingine, adimu, ambapo kromosomu moja ya ishirini na moja imegandana na nyingine ndani ya mwili wa mzazi. Mzazi mwenyewe ni mzima, hana upungufu wala ziada, ila anapogawa urithi anaweza kumpa mtoto zaidi. Na jambo hilo hupita kwenye familia. Nikawatoa damu Sikuzani na Zuhura, nikavipanga vichupa kwenye kisanduku cha baridi bila kuvigusisha barafu, nikavipeleka Dar kwa mkono wangu.

Simu mbili zilikuja wiki moja. Ya kwanza ilikuwa ya Sikuzani: mtoto ametoka chumba cha upasuaji, tundu limezibwa, amenyonya mpaka akalala bila kutoka jasho. Nililia pale mezani, nikalowesha fomu za watu. Ya pili ilikuwa ya Mkuu wa Maabara. "Sista Samaki, mara hii umetuma damu," alisema. "Wote wawili wanabeba kipande kilichogandana."

Sasa, Bibi Mwanaidi alikuwa na binti wa tatu, ambaye kwa bahati anaitwa Tatu, na Tatu alikuwa na mimba changa. Tulimwita na mama yake. Damu yake ilionyesha naye anabeba. Mratibu akamweleza kipimo cha kabla ya kuzaliwa: mimba ikifika wiki kama ya kumi na sita, daktari huongoza sindano nyembamba kwa ultrasaundi, akavuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto, na seli zilizomo zikapimwa. Akamweleza na hatari yake ndogo ya kuharibu mimba, bila kuificha. "Kazi yetu ni kukwambia," alisema. "Kuamua ni kwako."

Tatu alifikiri siku tano, akaja akasema anataka kujua, ili kama kuna la moyo ajifungulie karibu na wenye ujuzi. Siku ya majibu niliketi karibu naye. Mratibu alifungua bahasha.

"Daktari, kabla hujasema," Tatu alimkatiza, "moyo wake vipi?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusikia swali zuri kuliko hilo. Mratibu alitabasamu mpaka miwani ikapanda. "Ultrasaundi imeonyesha vyumba vinne, vinafanya kazi. Na kromosomu hazikuzidi. Amerithi kile kipande kama wewe, basi."

Bibi Mwanaidi akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Na zingezidi tungempokea vilevile. Njia ya Dar tumeshaijua."

Tuliongeza safu kwenye daftari la mkoa wetu: jina la bibi mzaa mama, na binti zake ni wangapi. Tena nikaweka sheria ya meza yangu, kwamba hakuna mstari unaokatwa mpaka nimezungumza na mama kwa mdomo wake. Wenzangu walisema nachelewesha kazi. Niliwajibu kwamba mtoto hapungui uzito kwa kuandikwa mara mbili.

Leo nimestaafu, nakaa Bigwa, nalima mchicha na kuwasumbua majirani. Rejesta imehamia kwenye kompyuta, na vijana walioirithi hunitembelea na kunionyesha jinsi mashine inavyokamata mistari inayofanana na kuuliza kama iunganishwe. Nafurahi sana, kazi inakwenda haraka kuliko enzi zetu. Nawaambia kitu kimoja tu: mashine ikiwauliza, na ninyi kamuulizeni mama.

Kila mavuno ya machungwa Sikuzani na Zuhura hunishukia na mabinti zao, wasichana wakubwa sasa, mmoja mwenye kovu jembamba kifuani analopenda kuonyesha, mwingine mpenda ngoma. Bibi yao aliwafundisha jinsi ya kunisalimia, nao hawajawahi kusahau. Husimama mlangoni wameshikana mikono, hawaingii mpaka wamemaliza.

"Shikamoo, bibi. Mimi Mwanaidi."

"Shikamoo, bibi. Na mimi Mwanaidi. Tuko wawili."

"Marahaba, wajukuu zangu," nawaitikia. "Mko wawili. Nimewaona."