Shanga za Kiunoni kwa Mgeni Rasmi

Watu huniuliza kwa nini kila mkufu ninaoutengeneza una pengo. Karibu na kifungo, shanga hukatika ghafla, kamba ya mkonge ikabaki tupu kama upana wa vidole viwili, kisha shanga zinaendelea. Wanunuzi wangu wa Dar wanauona huo ni ustadi. Fundi mwenzangu mmoja aliwahi kuniambia ni uvivu tu. Pengo hilo nilitoka nalo Chanzuru, kwa bibi yangu, enzi za kijiji cha ujamaa.

Bibi alitunga shanga za kiunoni. Wasichana waliotoka kuchezwa unyago walivalishwa kazi yake, na maharusi pia, na baada ya hapo ilionwa na mume peke yake. Mimi ndiye nilikuwa mwanafunzi wake. Alikwisha kunifundisha mitindo yote isipokuwa ule wa bi harusi: nyeupe, nyekundu na nyeusi zikifuatana kwa mpango ambao sikuweza kuukariri kwa kuchungulia. Nilikuwa na uchu nao, acha tu.

Kijiji kilipoanzisha kikundi cha akina mama cha kazi za mikono, shanga za wote ziliwekwa kwenye kapu moja ofisini, maana tulikuwa tumeambiwa hakuna cha mtu binafsi. Bibi alitii. Siku alipokuja mgeni rasmi, kapuni mlikuwa na kazi ya harusi aliyoimaliza juzi yake.

Bwana maendeleo wetu alikuwa kijana wa milimani, upande wa Berega, na kwao shanga za kiunoni hazikuvaliwa. Alitafuta zawadi kapuni, akachukua iliyo ndefu na nzuri kuliko zote, akaizungusha mara mbili shingoni mwa mgeni. Vigelegele viliishia njiani. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Urembo huu mnauitaje?" mgeni aliuliza, amefurahi kweli.

"Ni wa nyumbani, baba," bibi akajibu.

Mgeni akaondoka nao shingoni. Sisi wasichana tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini bibi hakucheka. Alisema kazi ya mkono wake imetembezwa uchi mbele ya wanaume, akaacha kutunga na akaacha kunifundisha. Nilimchukia yule bwana maendeleo kwa moyo wangu wote, ingawa alikuja mwenyewe kuomba radhi, shikamoo yake haisikiki vizuri kwa aibu. Bibi aliitikia marahaba, akampa uji, na hakubadili neno.

Baadaye duka la wageni kule Mikumi, karibu na mbuga, likaagiza mikufu kwa kikundi chetu. Madukani shanga zilikuwa zimeadimika. Nilitunga zile chache nilizozipata kwenye kamba ya mkonge, na pale zilipopungua nikaiacha kamba wazi. Nikampelekea bibi nikijua nitagombezwa.

Aliupitisha mkufu vidoleni polepole.

"Huu waache wauone," alisema. "Shingo ni baraza, mjukuu wangu. Hutandiki kitanda barazani."

Kesho yake alifunga mlango, akaniketisha mkekani, akanifundisha mtindo wa harusi. Sharti lake lilikuwa moja: usikae shingoni mwa mtu. Nimelishika. Kwenye kila mkufu natunga mpaka pale mtindo ule ungeanza, kisha naacha kamba tupu.

Alipofariki, wanawake waliomwosha walinikabidhi shanga zake za kiunoni zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Uzi wake ulikwisha oza, nikatia mwingine. Wateja wakiniuliza kuhusu pengo, nawaambia kwamba miaka ile shanga zilikuwa adimu, nao wanaridhika. Nikiinuka kuwafungia mzigo wao, nazisikia zile za bibi zikigongana taratibu kiunoni, chini ya gauni langu.