Kabaidi Chini ya Ndizi

Harufu kama ya kitunguu saumu ilimpokea Mama Mwalimu mlangoni mwa stoo, akakunja uso. Stoo ya ndizi haina sababu ya kunuka hivyo. Miaka yote aliyoishi na marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, harufu hiyo ilitoka mahali pamoja tu: kwenye pipa la kabaidi.

Aliinua turubai. Mikungu ilikuwa imelazwa juu ya vifurushi vya karatasi, na ndani ya kila kifurushi mlikuwa na vijiwe vya kijivu. Maganda ya manjano ya kupendeza, vikonyo bado kijani kibichi.

Mdogo wa marehemu aliingia akipiga mluzi. Alipomwona, mluzi ukakatika.

"Shemeji, usianze. Ni dawa tu ya kuivisha."

"Dawa! Kabaidi ni nini?"

"Mwalimu ni wewe, mimi muuza ndizi."

"Basi leo utasoma. Ni metali iliyofungamana na kaboni. Hii metali yake ni kalsiamu. Ikipata maji, hata unyevu tu, inatoa gesi, na kwa gesi hiyo kaka yako alichomelea mageti. Mageti, shemeji, siyo matumbo ya watu! Tena hii ya gereji ina uchafu wenye sumu. Ndio huo unaonuka, nawe unajifanya una mafua."

"Sokoni wote wanafanya."

"Wote hawakuandika 'Matunda ya Cheche' juu ya kibanda!"

Cheche aliwahi kukata upya geti zima, mteja akiwa ameshalisifu, kwa sababu ya kiungo kimoja kilichomkera.

Shemeji akashusha sauti. "Tuzitupe usiku, yaishe. Wateja wako nje. Ukoo utachekwa."

Mama Mwalimu aliogopa kuchekwa kuliko njaa. Hata hivyo akaukokota mkungu mpaka barazani, akaubwaga mbele ya wateja.

"Msile ndizi hizi! Zimeivishwa kwa kabaidi. Aliyenunua azirudishe, atapewa pesa yake."

"Unatuaibisha!" shemeji alifoka.

"Wewe umeshatuaibisha. Mimi nafagia. Lete ngazi."

"Ya nini?"

"Kibao chenye jina la Cheche kishuke. Na utapanda wewe, mchana huu huu, watu wakuone."


Ngazi ililetwa.