Dakika Kumi na Mbili

Dereva wa kampuni ya viwanja na nyumba alikuwa na jambo moja la kujivunia, nalo liliandikwa kwa herufi nyekundu kwenye lango la mji mpya wa biashara: hospitali kuu, dakika kumi na mbili. Aliyezipima ni yeye. Alizipima alfajiri ya sikukuu, barabara tupu, taa zote kijani, na bosi akamkataza kupima tena. Wenzake wakamwita Mzee wa Dakika, naye kichwa kikamvimba.

Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wanunuzi: kiwanja cha ndege, soko la jumla, chuo, na stesheni ya treni ambayo bado ni vigingi tu. Amri ilikuwa wapelekwe saa nne asubuhi, foleni ikiwa imeisha. Miaka miwili hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kisha akaja fundi cherehani aliyetaka duka chini na vyumba juu, ahamie na mama yake. Mama alikuwa akisafishwa damu kwa mashine hospitali kuu, mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu asubuhi. Ukichelewa, nafasi yako anapewa mwingine. Fundi alieleza haya huku akipima dirisha kwa tepu yake ya nguo, hana wasiwasi hata chembe, maana bango amelisoma.

Dereva alikosa raha siku nzima. Alikuwa na watoto watatu, na kazi haziokotwi barabarani. Jioni akampigia simu.

"Dada, kesho saa kumi na mbili na nusu uwe hapa langoni. Ofisini usiwaambie."

Fundi alikuja na shati la mteja, akashona vifungo njiani. Vya mbele vikaisha, akahamia vya mikono, na foleni haijasogea. Walitumia dakika hamsini na nne. Mlangoni pa hospitali dereva alikiri yote, akangoja matusi.

"Tunapokaa sasa ni masaa mawili, mabasi matatu," fundi alisema. "Basi tutakuwa tunatoka saa kumi na mbili. Nilitaka kujua tu."

Alisaini siku ileile. Kesho yake bosi alimsifu dereva mbele ya wenzake, akamuuliza alimwambia nini mteja hata akasaini upesi vile.

"Nilimwambia dakika hamsini na nne."

Bosi alicheka mpaka machozi, na ofisi nzima ikacheka naye. Dereva aliona aibu, akachukua funguo akatoka. Wanunuzi wengine walikuwa wameshapanda gari, na mmoja akauliza hospitali iko umbali gani.

"Utakuwa unakwenda saa ngapi?" dereva akamuuliza.